Mafuta ya nazi: chupa mbili, muuzaji mmoja, moja imeganda nyingine maji tu. Nimepigwa?

#1 Mjomba wa Makambako
Wakuu habari. Wiki mbili zilizopita nilishuka Pangani msibani. Wakati wa kurudi nikanunua mafuta ya nazi kwa mama mmoja pembeni ya barabara, chupa mbili, zile za maji za lita moja na nusu.

Nimefika nyumbani, baridi ya mwezi wa saba huku kwetu mnaijua. Asubuhi ya pili nafungua kabati: chupa moja imeganda, nyeupe kama mshumaa, unaipindua haitoki hata tone. Ya pili iko pembeni yake, maji kabisa, yanacheza.

Mafuta ni ya kumpaka mwanangu wa miezi 3, ngozi inapasuka kwa baridi. Mama mkwe, ambaye yupo hapa anamlea mzazi, anasema iliyoganda imetiwa mafuta ya ng'ombe. Jirani anasema iliyoganda ndiyo halisi. Nimpake ipi mtoto? Na kati ya hizo mbili, nimepigwa wapi?

#2 Kiroboto
Umepigwa zote mbili. Uzi ufungwe.

#3 Kijukuu wa Muheza
Mkuu mshukuru jirani yako. Mafuta ya nazi yanaganda, sema sisi wa pwani ni nadra kuyaona yakiganda kwa sababu joto halitupi nafasi. Mimi nimekulia jikoni kwa bibi, nilikuwa wa kukaa kwenye mbuzi kila Jumamosi. Nazi 20 unazikuna mpaka vidole vinaota sugu. Tui la kwanza linawekwa usiku kucha, asubuhi zito limepanda juu, linaenguliwa na kupikwa moto mdogo. Bibi hakuwa anaangalia sufuria, alikuwa anaisikiliza. Ikiwa bado inapasukapasuka kuna maji ndani. Ikinyamaza na mashapo yakawa rangi ya kahawia, unaepua. Ukichelewa kidogo tu mafuta yote yananuka kuungua.

Sasa iliyobaki maji ndiyo ya kuuliza. Hiyo imetiwa alizeti.

#4 Mfamasia Mstaafu
Kijukuu yuko sahihi kwenye kuganda. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar mara nyingi joto liko juu ya hapo, Makambako mwezi wa saba hata mchana ndani ya nyumba halizifikii nyuzi hizo.

Sababu ni hii. Mafuta yote ya kula, yawe ya mti au ya mnyama, ni gliserini yenye mikono mitatu, na kila mkono umeshika asidi ya mafuta. Asidi zilizonyooka hujipanga kama kuni zilizochongwa vizuri, zinabanana, mafuta yanaganda. Asidi zenye kona hazipangiki, yanabaki maji. Kwenye nazi karibu nusu ya asidi zote ni ya lauriki, imenyooka. Alizeti imejaa zenye kona, haigandi hata usiku wa manane huko kwako.

Ila nisimhukumu mama wa watu. Ukichanganya alizeti kidogo kwenye nazi hupati maji kabisa, unapata uji uji. Kama hiyo chupa ni maji matupu, basi nazi iliyomo ni ya kuombea tu, au kuna jambo lingine.

#5 Kiroboto
Tumeanza na chupa, tumefika kwenye kuni. Mzee endelea, niko pale nimekaa.

#6 Mpemba wa Makonyo
Ipo njia rahisi. Chukua karatasi nyeupe, dondoshea tone, anika. Likibaki doa la kung'aa ni mafuta ya kweli. Likiondoka lote, si mafuta. Huku Wawi kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, watu wanaijua hiyo miaka yote.

#7 Mfamasia Mstaafu
@Mpemba hiyo njia ni nzuri ila inajibu swali jingine. Inatenganisha mafuta mazito na mafuta yanayoruka kama ya karafuu. Nazi na alizeti zote zitaacha doa, hutajua ipi ni ipi.

#8 Mpemba wa Makonyo
Nimekubali mzee, nilikuwa nafikiria karafuu. Wapo wanaouza mafuta ya makonyo wameyachanganya na ya kupikia, doa ndilo linawaumbua. Halafu watu wanaenda kujaza kwenye jino bovu bila kipimo, fizi zinachomeka. Yale ni makali, daktari wa meno mwenyewe anayakoroga na unga wa zinki kwanza.

#9 Mama Pacha
Mjomba achana na chupa zote, mpake mtoto mafuta ya mgando. Mimi wangu wawili wamelelewa na mgando na ngozi yao kioo.

#10 Mla Ugali
Mgando ni mafuta ya petroli, dada. Unampaka mtoto masalia ya dizeli.

#11 Mfamasia Mstaafu
Hapa pana ukweli nusu. Mgando kweli unatoka kwenye mafuta ya ardhini, na kikemia si mafuta kabisa, hauna gliserini wala asidi. Ndiyo maana hata ukiupika na kostiki soda siku nzima hupati sabuni. Lakini uliosafishwa vizuri ni salama kwa ngozi kuliko mafuta mengi ya asili. Hauchachi, hauna protini ya kuleta mzio. Fungua dawa ya mapunye yenye benzoiki asilimia 6 na salisiliki asilimia 3, au tyubu ya dawa ya macho ya tetrasaiklini, unachokiona pale kwa wingi ni huo huo mgando na ndugu zake.

Aliyeuleta ni Mmarekani, Robert Chesebrough. Mwaka 1859 alikwenda kwenye visima vya mafuta vya Titusville, Pennsylvania, akakuta wachimbaji wanapaka majeraha kwa utando mweusi ulioganda kwenye mitambo. Akausafisha, akapata hataza mwaka 1872, akauita Vaseline. Mwenyewe alidai anakula kijiko kila siku. Alikufa ana miaka 96.

#12 Kiroboto
Kumbe ndiyo siri. Kesho naanza na chapati.

#13 Mfamasia Mstaafu
Usije ukasema nimekushauri mimi.

#14 Mjomba wa Makambako
Nashukuru wote. Naongeza maelezo maana nimekumbuka kitu: yule mama alijaza chupa zangu kutoka madumu mawili. La kwanza liliisha njiani, akafungua la pili. Sikumbuki chupa ipi ilitoka dumu lipi. Na mama mkwe amesema mtoto akibanwa mafua anamdondoshea matone mawili puani, ndivyo walivyolelewa kina mke wangu.

#15 Mkunga Asha
Mjomba, habari ya chupa iache kwanza. MSIMTIE MTOTO MAFUTA PUANI. Yawe ya nazi, ya mgando, ya samli, yoyote. Mafuta hayamkoholeshi kama maji, yanateleza kimya kimya hadi kwenye mapafu na yakikaa huko yanaleta nimonia isiyosikia dawa za kawaida. Nimempokea mtoto wa hivyo, bibi yake alikuwa analia kuliko mama. Pua ikiziba tumia maji ya chumvi ya duka la dawa. Mwambie mama mkwe kwa upole, hana nia mbaya.

#16 Mjomba wa Makambako
Nimekuelewa dada Asha. Upole ndio mtihani, ila nitamwambia.

#17 Nyuki Mkali
Nipo Sikonge, Tabora, naishi kwa nyuki. Mjomba, hiyo iliyoganda usiitupe, itengenezee mafuta ya kupaka yenye nta. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne au tano za mafuta ya nazi. Bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, usiweke moto wa moja kwa moja. Nta inayeyuka nyuzi 62 hadi 64, hivyo hata ukipeleka kopo Dar halitakuwa supu.

Nta nayo wanaichakachua. Wengine wanatia mshumaa wa dukani, wengine mafuta ya ng'ombe. Tafuna kipande: nta safi haing'ang'anii meno, na ukiivunja inakatika kwa chembechembe. Yenye mafuta ya ng'ombe inateleza kwenye vidole kama sahani iliyotoka kwenye nyama choma. Mimi nayeyusha masega, nakamua kwenye gunia, naacha ipoe polepole usiku mzima, uchafu unakaa chini naukwangua kwa kisu.

#18 Mla Ugali
Kwa hiyo nta nayo ni mafuta?

#19 Mfamasia Mstaafu
Ni binamu. Nta ina asidi za mafuta lakini hazikushikwa na gliserini, zimeshikwa na alkoholi ndefu. Kwa hiyo ni ngumu, haichachi upesi, na tumbo la binadamu haliimeng'enyi. Galeni, tabibu wa enzi za Warumi, anatajwa kuwa ndiye aliyechanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi akapata krimu baridi. Nyuki Mkali anachofanya Sikonge kiko karibu sana na hicho.

Hata ule mng'ao wa vidonge vingi vya rangi ni nta. Hutumika ya nyuki, au ile ya majani ya mnazi mmoja wa Brazili (si wa nazi hizi, ni ndugu yake tu), karnauba, ambayo haiyeyuki mpaka upite nyuzi 80. Na ile wanayoiita mafuta ya kondoo kwenye krimu za chuchu zilizopasuka, lanolini, nayo kikemia ni nta. Inakamuliwa kwenye sufu.

#20 Kiroboto
Mnazi mmoja wa Brazili. Na sisi tunao Mnazi Mmoja wetu, hautoi nta, unatoa foleni tu.

#21 Fundi wa Lamu
Mmesahau sifa. Sisemi kusifiwa, nasema sifa ya papa, mafuta ya maini yake. Hapa mashua ikishapakwa sifa, maji hayaipati na mtaa mzima wajua. Na chini ya maji ilikuwa ni deheni, shahamu na chokaa vyapondwa pamoja. Marehemu babu alikuwa akitunywesha kijiko cha sifa tulipokuwa na kifua, harufu yake nikiikumbuka hadi leo nameza mate kwa ubaya.

#22 Mkunga Asha
Babu hakukosea sana, maini ya samaki yana vitamini A na D. Mafuta ya maini ya chewa wa bahari za baridi (cod) yamewanyoosha miguu watoto wengi wa Ulaya waliokuwa na matege. Ila kwa mjamzito kijiko kijiko cha maini ya samaki si salama, vitamini A ikizidi inaharibu mtoto tumboni.

#23 Binti Masasi
Nimecheka sana na sifa. Mimi nina jambo dogo la ajabu. Kaka yangu anachomwa sindano kila wiki nne ya ugonjwa wa akili, haloperidoli ya kukaa muda mrefu. Siku moja nikasoma kile kikaratasi: dawa imeyeyushwa kwenye mafuta ya UFUTA. Familia nzima tunalima ufuta, tunauza kwa stakabadhi ghalani, tunalalamikia bei kila msimu, kumbe unarudi kwetu kwenye kichupa.

#24 Mfamasia Mstaafu
Binti Masasi hiyo ndiyo kazi yake. Mafuta yanakaa ndani ya msuli kama ghala, dawa inatoka kidogo kidogo. Ndiyo sababu sindano ni nene, inasukumwa polepole, na matako yanauma siku mbili. Zipo za homoni pia zinazotumia ufuta, nyingine mbegu za pamba.

#25 Kaputula la Theata
Mimi ni wa usingizi, naongeza moja. Propofoli, ile dawa nyeupe ya kumlaza mgonjwa, si maziwa kama ndugu wanavyodhani wakichungulia mlangoni. Ni dawa iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya soya, asilimia 10, yaliyosagwa yakawa matone madogo mno, yameshikiliwa na lesithini ya kiini cha yai. Ukifungua kichupa na kukiacha, bakteria wanafurahia kama wewe unavyofurahia supu. Kikishafunguliwa hakilali.

#26 Kijukuu wa Muheza
Kwenye uzi huu hakuna aliyetaja nyonyo! Bibi alikuwa mzazi akipitiliza siku anampa mafuta ya mbono kijiko, jioni wanashika njia ya zahanati. Dawa bora kuliko zote.

#27 Mkunga Asha
Kijukuu, tena kwa herufi kubwa: HAPANA. Mafuta ya nyonyo yakivunjwa tumboni yanatoa asidi ya risinoleiki, inayousukuma utumbo na inaweza kuusukuma mji wa mimba bila kukuuliza nguvu kiasi gani. Mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji anaweza kupasuka kidonda cha zamani. Mwingine anaharisha mpaka anafika leba hana nguvu ya kusukuma.

#28 Mla Ugali
Na wewe Kijukuu umeandika "mbono". Ni mbono upi? Kwetu mbono kaburi ni ule mti wa uzio, mbegu zake zikiliwa ni hospitali moja kwa moja.

#29 Kijukuu wa Muheza
Mbono wa kwetu ni mbarika, mbegu za madoadoa kama kupe. Mbono kaburi najua, hauguswi. Dada Asha nimekusikia, ila bibi amezalisha kijiji kizima.

#30 Mkunga Asha
Na waliokufa hawawezi kuja kuandika humu.

#31 Mfamasia Mstaafu
Msigombane. Mbegu za mbarika nazo zina sumu kali, risini, ila haiyeyuki kwenye mafuta, hubaki kwenye mashudu. Mafuta safi hayana. Yakichanganywa na zinki ni dawa nzuri ya wekundu wa nepi, hiyo Mjomba anaweza kuikuta duka lolote la dawa. Na yakifanyiwa kazi kiwandani ndiyo yanayoyeyusha paklitaksel, dawa ya saratani isiyokubali maji. Ndiyo hayo hayo yanayofanya mgonjwa apewe dawa za mzio kwanza kabla ya dripu.

#32 Dada wa Gulu
Salamu kutoka Uganda, samahani Kiswahili changu. Huku kaskazini mtoto anapakwa siagi ya shea. Yetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, mchana wa Gulu inakuwa maji, usiku inaganda, ni chupa ile ile. Kwa hiyo swali la Mjomba kwetu lingekuwa ni saa ngapi umeangalia.

#33 Mfamasia Mstaafu
Dada wa Gulu umenikumbusha aibu ya ujana. Mwaka wa pili chuoni tulikuwa tunatengeneza supozitori, zile dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa, kwa siagi ya kakao. Inafaa kwa sababu inaganda mezani na inayeyuka kwenye joto la mwili. Mimi kwa haraka nikaiacha kwenye moto mpaka ikawa angavu kama chai ya rangi. Nikamimina kwenye vikalibu, nikasubiri. Saa nzima, maji. Mwalimu akapita, akainamisha kalibu, ikamwagika kwenye kiatu chake. Kakao ikipashwa kupita kiasi inapoteza mbegu za fuwele inazojipangia, ikiganda inaganda kwa umbo dhaifu na kwa joto la chini zaidi.

Mjomba, hiyo chupa isiyoganda iliwahi kuwekwa karibu na jiko?

#34 Kiroboto
Dawa za mlango wa nyuma zimeingia, sasa uzi umekamilika.

#35 Mjomba wa Makambako
Mzee, moja niliipasha siku ya kwanza kwenye maji moto maana ilianza kuwa nzito nikampake mtoto. Lakini naapa sikumbuki ni ipi.

#36 Kijukuu wa Muheza
Nazi si kakao. Bibi anayachemsha kuliko hivyo na yakifika Lushoto yanaganda kama kawaida. Narudia: alizeti, dumu la pili.

#37 Mwana Kigoma
Au mise. Wauzaji siku hizi wanachanganya mafuta ya kokwa za mchikichi, yanafanana na nazi sana, nayo yana lauriki tele.

#38 Mla Ugali
Kama yanafanana na nazi na yana lauriki si yangeganda na yenyewe?

#39 Mwana Kigoma
Ah. Kweli. Basi mise ndiyo iliyoganda.

#40 Fundi Friji
Nawasoma tangu jana. Kwenye kazi yetu kuna kitu kinaitwa kupoa kupita kiwango. Kimiminika safi, chombo laini, hakijatikiswa, kinaweza kushuka chini ya kiwango chake cha kuganda na kikabaki maji, kinasubiri chembe ya kuanzia. Huenda chupa moja ina mashapo kama yale ya bibi wa Kijukuu, ikapata chembe, ikaganda. Iliyochujwa vizuri haikupata. Mjomba, kwangua kipande cha iliyoganda, ukubwa wa kucha, kidumbukize kwenye ile ya maji usiku, weka dirishani. Asubuhi ikiwa imeganda yote, ni nazi na mama wa Pangani mnamwonea. Kipande kikiyeyuka au kikielea peke yake, mmepigwa.

#41 Mfamasia Mstaafu
Hili ni jaribio la maana kuliko yote yaliyoandikwa humu, na yangu nimeyahesabu. Ingawa usiku mzima ni muda mrefu kwa nazi kupoa hivyo bila kuanza kuganda.

#42 Kijukuu wa Muheza
Naweka soda mbili kwamba haitaganda.

#43 Nyuki Mkali
Naweka nusu lita ya asali kwamba itaganda. Mjomba lete picha asubuhi.

#44 Mjomba wa Makambako
Wakuu nimechelewa. Nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja kabatini na kisu mkononi. Chupa ya maji haipo. Mama mkwe ameikaangia maandazi ya wageni wa mtoto. Amesema alikuwa anaona inakaa tu. Chupa tupu ameshaioshea maji ya kunywa.

#45 Kiroboto
😂😂😂😂

#46 Fundi Friji
Maandazi yalikuwa na harufu ya nazi?

#47 Mjomba wa Makambako
Nimekula manne. Nina mafua.

#48 Kijukuu wa Muheza
Muulize mkeo.

#49 Mjomba wa Makambako
Yeye anasema yalinukia nazi. Mama mkwe anasema unga wenyewe aliukandia tui.